Aliyeandikwa Tusekile

Katika kambi ile kulikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na ilikuwa marufuku kurudi nyuma. Ukishaingia kwa wagonjwa, hata ukikumbuka kwamba umesahau mkasi, unasonga mbele tu, kitanda hadi kitanda, mpaka utokee upande wa pili, unyunyiziwe dawa, uvue kila ulichovaa na uambiwe kwamba sasa u safi. Sheria hiyo ilikuwa na maana yake: ugonjwa usirudishwe kwa walio wazima. Lakini Tusekile, muuguzi ambaye habari zake ndizo ninazozisimulia, alikuwa mtu wa kuuliza, na siku moja akiwa amesimama mikono juu ananyunyiziwa dawa alijiuliza hivi: ikiwa hakuna anayerudi alikotoka, huyu anayetokea upande wa pili ni nani? Ni yule yule aliyeingia, au ni mwingine ambaye amepewa viatu vyake na kuelekezwa nyumbani kwake?

Alicheka, maana aliyekuwa akimnyunyizia alimwona anatikisa kichwa peke yake akamuuliza kama dawa imemwingia machoni. Akaenda zake. Swali likabaki.

Mji wenyewe ulikuwa juu ya mgongo wa mlima, mahali ambapo ukungu ulishuka na kusahau kuondoka. Tangu ugonjwa uingie, saa zilikuwa zimelegea. Kengele ya shule haikulia kwa kuwa shule ilifungwa, soko halikuwa na siku yake, na watu walipotaka kutaja jambo lililopita walisema tu "ile siku", iwe ni jana au ni kabla ya mavuno, na wenzao wakawaelewa. Ugonjwa nao hawakuutaja kwa jina. Waliuita Mgeni. Ulianza na wekundu wa macho, ikafuata homa, kisha mtu akawa hawatambui watu wake. Waliopona walikuwepo, tena si wachache, ila hakuna aliyeweza kueleza kwa nini huyu amepona na yule hakupona. Mimi nimefikiri sana juu ya jina hilo la Mgeni. Mgeni huulizwa anatoka wapi na atakaa mpaka lini, lakini huyu hakuulizwa. Watu walimwogopa, wakayaogopa hata maswali yao wenyewe.

Ndani ya vazi la kinga binadamu wote hufanana. Kichwa kimefunikwa, macho yako nyuma ya miwani yenye mvuke, sauti inatoka kwenye barakoa ikiwa imepondeka, na mwili mzima ni mfuko mweupe unaotembea. Ndiyo maana kabla ya kuingia waliandikana majina kifuani kwa kalamu nene ya wino mweusi. Mgonjwa angalau ajue anayemchoma sindano anaitwa nani. Na jina lililopendwa kuliko yote mle ndani lilikuwa la Tusekile, kwa sababu ya yale maswali yake. Wakati wenzake walikuwa wakiuliza kuhusu choo na homa, yeye aliuliza pia mtu analima nini, mbwa wake anaitwaje, na kwa nini amempa mbwa jina la mtu. Wagonjwa walioshindwa kuinua vichwa waliinua ili wamjibu.

Baadaye kulizuka jambo dogo ambalo hakulielewa. Alikuwa akiingia wodini, ndiyo kwanza anaanza zamu, na mgonjwa anamwambia, "Sista, umerudi? Si umetoka hapa sasa hivi?" Mwanzoni aliona ni homa. Kisha akaambiwa hivyo na mama mmoja aliyekuwa amekwishapona anasubiri kuruhusiwa tu. Tusekile akamwuliza huyo Tusekile aliyetoka sasa hivi alikuwaje. Yule mama akafikiri, akasema alikuwa mpole zaidi, hakuuliza kitu, alikaa tu na watu.

Miongoni mwa wauguzi alikuwemo Tumpe, rafiki yake tangu chuoni. Walilala chumba kimoja miaka yote ya masomo na wakapangiwa mji mmoja kwa bahati tu. Mgeni alipompata Tumpe, Tusekile alitaka asiondoke kando ya kitanda chake, lakini Daktari Gwakisa, mkuu wa kambi, alimlazimisha kwenda kupumzika, kwa kuwa alikuwa ameanza kuyumba akitembea. Daktari huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wachache na wagonjwa wengi, na alikuwa amekwisha kuwatangazia kwamba mwenye kulia akalie nyumbani, kambini kuna kazi. Tusekile akalala asubuhi yote. Mchana akarudi, akavaa, akaandikwa jina, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Tumpe karibu na dirisha la plastiki.

Tumpe alikuwa macho. Alilisoma lile jina kifuani, akatikisa kichwa polepole.

"Wewe siye," alisema. "Niitie Tusekile."

"Ni mimi, Tumpe."

"Jina kila mtu anaweza kuliandika."

Tusekile alitafuta neno ambalo wao wawili tu wangelijua. Yalikuwepo mengi, ya miaka mingi, na kila alilolifikia liliteleza. Jasho lilikuwa limeifunika miwani, hakuona tena uso wa mwenzake, aliona weupe tu. Muda wa kukaa ndani ya vazi nao ulikuwa umekwisha, na mwenzake wa zamu alikuwa anamgusa bega kumwambia watoke. Akatoka kwa mlango wa kutokea. Alipoingia tena, kitanda kile kilikuwa kinanyunyiziwa dawa. Tumpe alikuwa amefariki huku akiomba aitiwe mtu ambaye alikuwa amesimama mbele yake.

Daktari Gwakisa alimwambia kwamba ni homa, kwamba wote hufikia hapo, asiliweke moyoni. Tusekile akasema sawa, daktari. Na kweli hakuliweka moyoni, au hakujua alikoliweka. Hakulia. Alisaidia kumzika rafiki yake kwa utaratibu wa kambi, akavua vazi, akanawa, akatembea hadi nyumbani ambako aliishi na mama yake. Mama akampokea, akamshika mkono kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu alimwona usoni kwamba siku hiyo haikuwa siku ya kuogopa. Tusekile akauangalia ule mkono ulioshikwa. Aliona vidole vya mama yake vimebana vya kwake. Hakusikia kitu. Ilikuwa ni kama bado amevaa glavu.

Mtu mwingine angeogopa. Yeye alishangaa, akaanza kujichunguza kama anavyomchunguza mgonjwa. Alijifinya akaona ngozi imekuwa nyekundu, maumivu hayakuja. Aliinywa chai ya mama yake ikiwa bado inatoa mvuke, mama akamnyang'anya kikombe akimwambia atajiunguza ulimi, naye akauliza kwa utulivu kabisa kwani ni ya moto. Watu walipozungumza, sauti zao zilimfikia zikiwa zimepondeka, na chakula chote kilikuwa na harufu ya klorini, ile dawa ya kunyunyiziwa. Alifikia kuamini kwamba siku ile alipotoka, vazi halikuvuliwa. Walivua la nje wakaacha jingine ambalo halionekani, na huenda kila siku alikuwa anaongeza moja juu ya jingine, na yeye mwenyewe yuko chini kabisa, mdogo, anachungulia. Alijiuliza ikiwa mtu aliye chini huko anajua kinachoendelea juu. Alijiuliza pia kama wenzake nao wamevaa hivyo, kila mtu na lake, wanasalimiana vazi kwa vazi.

Jambo lililomtoa kwenye kushangaa na kumtia hofu lilitokea kazini. Alishika mkono wa mzee mmoja kupima mapigo ya moyo, akakaa, akasubiri, na hakuyapata. Akamwita mwenzake kwa haraka kwamba mgonjwa ameondoka. Wakati huo huo yule mzee akamwambia kwamba yupo, ila ana kiu. Mapigo yalikuwepo. Vidole vya Tusekile ndivyo vilivyokuwa havipo. Alimpa mzee maji, akatoka, na safari hii akiwa amesimama mikono juu ananyunyiziwa dawa hakujiuliza chochote, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Nyuma ya jiko la kambi kulikuwa na chumba kidogo ambacho wote walikijua na hakuna aliyekitaja. Ndani yake alikaa Bwana Ambakisye, mshauri nasaha, aliyetumwa kuwasikiliza watumishi. Mlango wake ulielekea njia inayopitwa na kila mtu kwenda kula, na mbele yake kulikuwa na benchi. Mwenzao mmoja wa maabara aliwahi kuingia mle, na baada ya hapo hakupangiwa zamu tena. Waliosema kwamba amepumzishwa walikuwa wachache. Wengi walisema akili zimemruka. Basi watu wakawa wanapita pale wakitazama sahani zao, na mwenye kuchekesha anachekesha kwamba Bwana Ambakisye amekosa wateja sasa anawashauri panya.

Tusekile alijiambia kwamba anakwenda kuona tu. Alitaka kujua mtu anafanya nini mle siku nzima. Alingoja njia iwe wazi wenzake wakiwa kwenye chakula, akapiga hodi, akakaribishwa. Bwana Ambakisye, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alimpa kiti kilicho karibu na mlango, akamweleza kwamba humpa kila mgeni kiti hicho ili akitaka kuondoka asilazimike kumruka mtu miguu. Kisha akamwuliza angependa amwite kwa jina gani.

"Tusekile," alisema.

Bwana Ambakisye akalirudia jina hilo, kama mtu aliyekwisha kulisikia humo ndani. Akamtazama, akainamisha macho, akasema ni jina zuri na wengi wanalo huku. Tusekile alijua kwamba kambini hakuna mwingine mwenye jina hilo. Akamwuliza kama kuna Tusekile mwingine anayekuja hapa. Bwana Ambakisye akamjibu kwa upole kwamba anayeingia humu hatajwi akishatoka, na kwamba hata yeye atafanyiwa hivyo hivyo. Basi wakazungumza habari za baridi na ukungu. Tusekile hakugusa kilichomleta, na Bwana Ambakisye hakumvuta. Alipoaga aliambiwa kwamba kiti kipo, na kwamba kuzungumzia ukungu nako ni mwanzo.

Hakwenda mbali. Udadisi ulikuwa umemrudia, na alifurahi kuusikia umeamka, maana ndicho kitu cha kwanza kilichopenya lile vazi. Kwa siku kadhaa akawa anakula chakula chake akiwa amesimama karibu na jiko, anatazama kile chumba. Na ile siku akaona mlango unafunguliwa na anatoka Lusajo, tabibu wa zamu ya asubuhi. Lusajo alikuwa kijana wa kimo chake, mwenye aibu, ambaye watu walimsifu kwa ushujaa kwa kuwa hakuwahi kulalamika. Alitazama kulia na kushoto, akaelekea mahali ambapo viatu vya mpira huanikwa, akaanza kuvigeuza kwenye vijiti vyake ingawa haikuwa kazi yake.

Tusekile akamfuata. Akashika kiatu naye akakigeuza.

"Kaka Lusajo," alisema, "ndiye wewe unayeitwa Tusekile?"

Lusajo hakukana. Alikaa chini pale pale kwenye majani yenye unyevu, akamweleza yote, taratibu, akitazama viatu. Siku yake ya kwanza alifika kwenye mlango wa kuingilia miguu ikakataa. Alijisingizia tumbo, akarudi. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu aliyekuwa akiwavalisha aliuliza aandike jina gani, na yeye, bila kufikiri, akamwambia aandike Tusekile, akidai wagonjwa wanalitaka hilo. Miguu ikaenda. Lusajo alikuwa anaogopa, lakini anayeingia sasa hakuwa Lusajo. Tangu hapo hakuingia kwa jina lake hata mara moja. Alipoona hapati usingizi, alikwenda kwa Bwana Ambakisye kwa jina hilo hilo, kwa sababu baba yake akisikia kwamba mwanawe amekwenda kulia mbele ya mtu hatamtazama tena, na Daktari Gwakisa akisikia atamwondoa kazini. Bwana Ambakisye aliona mwanamume anajiita Tusekile, na hakuuliza.

Tusekile alisikiliza mpaka hapo, na ndipo jambo jingine likamjia. Akauliza kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua kama siku ile ya Tumpe, asubuhi yake, Lusajo aliingia.

Lusajo akafunika uso. Aliingia. Tumpe alikuwa akimwita Tusekile, na Tusekile alikuwa amelazimishwa kwenda kulala. Lusajo alikuwa amesimama pale na jina hilo kifuani. Tumpe alilisoma, akatulia, akanyoosha mkono. Angefanya nini? Aliushika. Alikaa naye mpaka muda ukaisha.

"Ndilo ninalokwenda kulisema mle kila ninapoingia," alisema. "Nilimdanganya mtu anayekufa."

Tusekile aliinuka akatembea mpaka mwisho wa uzio, akarudi. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilikuwa na joto. Alimwambia Lusajo kwamba alipofika yeye mchana, Tumpe alimkataa, alimwambia siye, kwa kuwa Tusekile wake alikuwa amekwisha kuja. Alimwambia kwamba amebeba maneno hayo tangu siku ile, na hakuwa amemwambia mtu, hata mama yake. Lusajo hakuwa analijua hilo. Aliinua uso na Tusekile akaona mtu ambaye amepigwa kofi na analiona kuwa ni haki yake. Kwa kitambo wakakaa hivyo, mmoja amesimama na mwingine amekaa, kila mmoja ameshika nusu ya jambo ambayo mwenzake hakuijua. Mimi huwaza kwamba hapo ndipo wangeweza kuachana kwa uadui na kila mmoja wao akaonekana ana sababu. Kilichowazuia ni tabia tu ya Tusekile. Hakuweza kuondoka kabla hajajua.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Hakusema mengi. Aliniuliza kama mkono wangu bado unauma."

"Ukamjibu nini?"

"Sikujua anazungumzia nini. Nilimwambia umepona."

Chuoni, katika mwaka wa kwanza, Tumpe alishindwa mtihani wa kuchoma sindano kwa sababu mikono ilimtetemeka. Tusekile akampa mkono wake wa kushoto ajifunzie. Kila jioni walijifungia chumbani, na Tumpe alichoma maji safi akaomba msamaha, akachoma tena, mpaka mkono ukavimba ukawa na rangi ya bilinganya na Tusekile akalazimika kuvaa sweta kwenye joto ili mwalimu asiuone. Tumpe alifaulu. Kwa miaka mingi baadaye, wakikutana tu, hata kwenye harusi, salamu yake ya kwanza ilikuwa hiyo: mkono bado unauma? Na jibu la Tusekile lilikuwa daima kwamba unauma sana, kwa kumtania. Hakuwahi hata siku moja kumwambia kwamba umepona.

Tusekile akakaa chini karibu na Lusajo. Akaushika ule mkono wake wa kushoto, akaubonyeza, na hakusikia kitu. Lakini machozi yalitoka hata hivyo, mengi, yakampitia mdomoni, na yalikuwa na chumvi, si klorini. Lusajo alitaka kuomba radhi. Tusekile akamwambia asubiri kwanza, amweleze tena, polepole, Tumpe alivyoushika ule mkono, na kwa upande gani, na kama aliposikia kwamba umepona alitabasamu au hakutabasamu. Lusajo akasema alitabasamu, tena alionekana kushangaa kidogo.

Kesho yake walikwenda wote wawili, mchana, wakati njia imejaa watu na sahani zao. Tusekile alitangulia kwa Daktari Gwakisa akamwambia kwamba vidole vyake havisikii mapigo ya moyo, kwamba si salama kwa wagonjwa, na kwamba anakwenda kwa Bwana Ambakisye kuanzia leo mpaka visikie. Alimwambia pia kwamba akitaka kumwondoa kwenye zamu, amwondoe. Daktari akamwuliza nani atawauliza wagonjwa habari za mbwa wao. Tusekile akamjibu kwamba wafundishwe wengine, si kazi ngumu.

Bwana Ambakisye alifungua mlango, akawaona wawili, akauliza aanze na nani. Lusajo akasema aanze na yeye, akalitaja jina lake, akalirudia. Mlango ukafungwa. Tusekile akakaa kwenye benchi kusubiri. Watu walipita. Wengine walijifanya hawakumwona, akawasalimia kwa majina yao, ikabidi waitikie. Mpishi mmoja alimwuliza kama anaumwa, akasema ndiyo, anaumwa, na mpishi akasema pole bila kujua aongeze nini.

Ukungu ulikuwa umepungua kiasi cha kuonekana paa la jiko. Daktari Gwakisa alikuja kwa ile njia akiwa hana sahani. Alipita benchi, akasimama, akarudi hatua mbili, akajifanya anaukagua ukuta. Macho yake yalikuwa na uvimbe wa mtu asiyelala. Bila kumtazama Tusekile, akauliza kama humo ndani mtu analazimika kutaja jina lake.

"Hapana, daktari," alisema Tusekile. "Unaweza kuanza na lolote."

Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.